Jina la dawa ni kazi yetu pia

Nani anamlipa mtu anayetuambia kwamba dawa fulani inafaa? Magazeti mengi ya madaktari huishi kwa matangazo ya makampuni yale yale yanayotengeneza dawa. Ndiyo maana yafaa tuwatazame watu wa Prescrire, jarida la Ufaransa lililotoa toleo lake la kwanza Januari 1981.

Ni madaktari, wafamasia na wahariri waliokataa matangazo. Jarida lao halina wenye hisa; linamilikiwa na shirika lisilotafuta faida, na linaishi kwa fedha za wasomaji. Wahariri hutia sahihi hati iitwayo «Non merci…», wakithibitisha kwamba hawana masilahi katika kampuni yoyote ya dawa.

Lakini jambo linalokihusu zaidi kitivo chetu ni msimamo wao juu ya majina. Dawa huwa na jina la biashara, ambalo kampuni hulichagua ili lipendeze, na jina la kimataifa linalotolewa na Shirika la Afya Duniani, OMS. Prescrire inawahimiza madaktari waandike hilo la pili, kwa sababu lina mofolojia. Mwisho «-cilline» unatuonyesha kwamba amoxicilline na ampicilline ni ndugu. Mtu anayedhurika kwa moja ajihadhari na nyingine.

Mediator ya kampuni ya Servier iliuzwa Ufaransa tangu 1976 kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito mkubwa. Jina lake la kimataifa ni benfluorex, na «-orex» ni mwisho wa dawa za kupunguza hamu ya kula. Jina la biashara lilinyamaza. La kimataifa lilisema. Prescrire ilionya kwa miaka mingi. Daktari Irène Frachon wa Brest akakusanya ushahidi wa madhara ya moyo, dawa ikaondolewa sokoni 2009, na mwaka 2021 mahakama ya Paris ikaitia Servier hatiani. Kati ya onyo na hukumu, watu walikufa.

Wengine watasema: Wafaransa wana wasomaji wenye uwezo wa kulipa, sisi Wakongo tutalipwa na nani? Hoja hiyo ni nzito, kwa maana uhuru wa jarida una gharama. Hata hivyo, kazi ya kwanza inahitaji elimu ambayo tayari tunayo. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa huja kwa Kifaransa au Kiingereza. Mama anayesema Kiswahili anabaki kukumbuka rangi ya vidonge, na akibadilishiwa boksi hana njia ya kujua kama anakunywa dawa ile ile mara mbili.

Napendekeza basi kwamba kila toleo la jarida hili liwe na ukurasa mmoja unaoeleza kwa Kiswahili jamaa moja ya dawa: jina la kimataifa, maana ya mwisho wake, na la kumuuliza mfamasia. Wenzetu wa kitivo cha famasia wahakiki kila neno kabla halijachapishwa. Na siku kampuni itakapokuja kutaka kulipia uchapishaji ili ipewe jalada la nyuma, tujibu kama Prescrire: hapana, asante.

Tunafundishwa kuchambua viambishi kwa ajili ya mtihani. Hapa vinaweza kumkinga mtu na sumu.