Kukata inite wanajua simu zetu, kutupa habari hawazijui

Vijana wenzetu wa Kasongo na Kabambare, muliobaki nyumbani na muliotawanyika Kindu, Bukavu, Goma mpaka Kinshasa: kila siku tunaambiwa serikali imeingia kwenye numeriki. Sawa. Tunauliza swali moja tu: hizo kurasa za intaneti wanamtengenezea nani?

Mukumbuke RAM. Kuanzia 2020 kila telefone ilitozwa, dola 1 kwa mwaka kama ni ya 2G, dola 7 kama ni ya 3G kwenda juu. Hakuna aliyefungua PDF. Mama anayeuza mihogo sokoni ananunua inite, kidogo anakuta zimekatwa, basi. Hata kasimu ka vibonyezo kenye kioo kilichopasuka, kule ambako rezo inapatikana juu ya kichuguu tu, kalifikiwa. Ikabidi watu wapige kelele barabarani na Bungeni ndipo ikafutwa, mwaka 2022. Kwa hiyo tusidanganyane: mafundi wako, na wanajua tuko wapi.

Sasa geuza. Tafuta habari ambayo ni haki yako.

Salamabila, kwetu Kabambare, dhahabu ya Namoya imechimbwa miaka na miaka. Sheria ya madini, jinsi ilivyorekebishwa 2018, inasema redevansi ambayo kampuni inalipa igawanywe: 25% kwa jimbo, 15% kwa ETD, ndiyo kusema ile sekta au sheferi ambamo madini yanatoka. Tena kampuni itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hizi ni namba ambazo kila mutu wa Salamabila angezijua kichwani kama anavyojua bei ya gramu. Lakini ziko wapi? Zimezikwa ndani ya sheria ndefu, Kifaransa cha mahakamani, ndani ya PDF. Na kwa karatasi nyingi za serikali, PDF yenyewe ni picha ya karatasi yenye muhuri. Hauwezi hata kutafuta neno moja ndani. Ramani ya vibali vya madini iko mtandaoni, ndiyo. Ifungue na mega 50 kwenye 2G, utatazama kaduara kanazunguka mpaka mega ziishe.

Mimi nimesomea informatika. Diplome iko, kazi hakuna. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba mbele ya kuchora ukurasa unauliza: nani atausoma, kwa simu gani, na amekuja kufanya nini? Halafu ninaomba kazi kwenye ofisi moja ya umma, jina naliacha, na ukurasa wao unaanza na picha kubwa ya mukubwa akiwa amekaa mezani. Chini yake hotuba. Chini ya hotuba, picha za uzinduzi. Fomu ya kuomba kazi iko mwisho kabisa, na kwenye telefone kitufe cha kutuma hakionekani, kimetoka nje ya kioo. Ukurasa ule haukumungojea mwenye kuomba kazi. Ulimungojea mukubwa ajione.

Watatujibu kwamba watu wa kijijini hawajui teknolojia. Uongo! Yaya zetu Kasongo wanatuma na kupokea pesa kwa M-Pesa na Airtel Money, kwa namba na nyota, bila intaneti, na hesabu zao haziwapotei. Na CENI walipohitaji kura zetu mwaka 2018, wakaleta mashine kutoka Korea Kusini yenye picha na namba za wagombea. Wengi tuliipinga mashine ile, na bado tuko na sababu zetu. Lakini siku ile walikumbuka kwamba kuna mupiga kura asiyesoma. Wakihitaji kura wanakumbuka, tukiuliza juu ya pesa wanasahau.

Halafu lugha. Katiba ya 2006, kifungu cha 1 kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na inaagiza serikali izikuze. Kasongo ilikuwa inasema Kiswahili mbele Wabelgiji hawajaiteka, mwaka 1893. Ni nani basi mugeni hapa, sisi ao ukurasa wao?

Hatuombi aplikasio mupya, tafazali. Aplikasio itazinduliwa kwenye hoteli Kinshasa, watakula, itakufa. Tunataka kitu kidogo: kila miezi mitatu, ujumbe mufupi wa simu kwa Kiswahili, useme redevansi gani imeingia, ETD gani imepokea kiasi gani, na siku gani. Asiyesoma atasomewa na mutoto wake. Radio za kwetu zitausoma pia. Na kwenye ukurasa wa jimbo, maandishi matupu bila picha, namba juu kabisa, mukubwa chini kama analazimika kuonekana.

Ombi hili tunaliandikia jimbo kwa Kiswahili, ukurasa mumoja. Wenye kutaka kusaini, watafute wenzetu wa seli yao kule waliko. Na jibu tunalitaka kwa Kiswahili, wasitutumie PDF.