Pamba imerudi Kirumba, wenye Pamba tuandikishwe

KUTOKA MZUNGUKO
Na Mabula Shigela

Agosti 2024, Pamba ya Mwanza ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu baada ya miaka 23, nilikaa mzunguko pale uwanja wa CCM Kirumba. Kando yangu alikuwepo mzee mmoja na mjukuu wake. Mechi ile dhidi ya Tanzania Prisons iliisha bila bao, na sare tasa ya nyumbani huwa inawatoa watu uwanjani wamenuna. Siku ile sikuona aliyenuna. Mzee alisimama, akamshika mjukuu mkono, akamwambia, "Umewaona? Hawa ndio nilikuwa nakusimulia kila siku."

Aliokuwa akiwasimulia, bila shaka, ni akina George Masatu, Hussein Masha, Nteze John na Fumo Felician. Ile ndiyo Pamba iliyoitwa TP Lindanda, Wana Kawekamo, iliyoifumua Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1 mwaka 1990. Sisi tuliokulia Mwanza miaka ile tulicheza chandimu kwa majina yao. Ukiwahi kujiita Masha, mwenzako hawezi kulichukua jina hilo mpaka kesho yake. Hao hawakuwemo kikosini siku ile, lakini nilimwelewa mzee. Kwake yeye, jezi ikisharudi uwanjani, waliomo ndani yake ni walewale.

Katikati hapo jiji halikukosa timu. Toto African, Mbao na Alliance zilipanda, zikashuka, na kila moja ilipendwa kwa wakati wake. Pamba ni kitu kingine. Jina lake ni jina la zao lililowasomesha watoto wa Usukumani, likaezeka nyumba za bati vijijini, na ukiitaja Magu, Kwimba au Misungwi hakuna anayeuliza ni timu ya nani.

Jina hilohilo linatueleza pia ilivyokufa. Timu ilitunzwa na taasisi za zao la pamba. Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, taasisi hizo zikapungukiwa nguvu, na klabu ikabaki na mashabiki wengi wasio na nafasi yoyote ndani yake. Nyota walikuwa wameshaanza kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2001 ikashuka daraja. Maelfu walioipenda hawakuwa na kadi, hawakuwa na mkutano, hawakuwa na mahali pa kupeleka hata shilingi mia ya kuiokoa. Waliketi wakaangalia.

Leo mlezi ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na nasema kwa moyo mweupe: bila Halmashauri tusingekuwa tunazungumza habari hii. Iliichukua timu, ikaivumilia madaraja ya chini, ikaipandisha, na msimu wa kwanza wa kurudi haikushuka. Wanastahili shukrani. Ila klabu inayotegemea mfuko mmoja tumeshaizika mara moja, tena hii hii. Madiwani hubadilika kila baada ya uchaguzi, na bajeti ya jiji ina madarasa, zahanati na barabara za milimani zinazosubiri.

Ndiyo maana shangwe za Kirumba zinanifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Nimewaona wauza dagaa wa soko la Mwaloni wakifunga meza mapema siku ya mechi. Nimewaona bodaboda wa Igoma wakija kwa msafara, ngoma ikipigwa juu ya pikipiki. Watu hawa wananunua tiketi, wanaimba dakika tisini, kisha wanarudi nyumbani na klabu haijui hata majina yao. Siku Simba au Yanga ikija, nusu yao wanavaa jezi ya mgeni, na sioni sababu ya kuwatukana. Simba na Yanga zimewapa kadi, tawi mtaani na mwenyekiti wa tawi wanayemjua. Sisi tumewapa nini zaidi ya kiingilio?

Naiomba Halmashauri ifungue daftari la wanachama. Kadi iwe ya bei anayoimudu mama muuza samaki, matawi yafunguliwe Mabatini, Buzuruga, Nyegezi na Kawekamo kwenyewe, na mkutano mkuu ufanyike kila mwaka, mapato na matumizi yasomwe hadharani, wanachama wachague wawakilishi wao. Wala tusiishie mipaka ya Nyamagana, eneo la Halmashauri ya Jiji. Uwanja wenyewe tunaochezea uko Ilemela, na wenye Pamba wako kanda nzima ya Ziwa.

Na wewe msomaji, usisubiri kadi. Mechi ijayo ya nyumbani, hata kama mgeni ni timu isiyo na jina kubwa na mechi ni saa kumi siku ya kazi, njoo mzunguko. Njoo na mtoto.