Viwanja vya Umma Navyo Viwe na Daftari

Ni desturi ya siku nyingi mjini Mwanza kwamba siku ya Idd, ya Krismasi au ya Mwaka Mpya wazazi huwavalisha watoto nguo zao njema na kutoka nao kwenda kupiga picha. Zamani safari hiyo aghalabu iliishia studio, mbele ya pazia lililochorwa maua na minazi. Siku hizi simu yenye kamera imeingia karibu kila nyumba, na pazia halihitajiki tena. Yafaa basi tujiulize swali moja lililo jepesi kulisema na gumu kulijibu: familia isiyo na fedha ya kutumia hotelini, katika jiji lililopakana na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, huenda wapi kupiga picha yake?

Wako watakaosema kwamba hili ni swali la anasa. Sivyo hata kidogo. Mwenye nyumba kubwa ana ua, ana kivuli na ana mahali pa kuwaketisha wageni. Mpangaji wa chumba kimoja, mwenye watoto wanne, hana. Kwake yeye uwanja wa wazi ndio ua, mti wa barabarani ndio kivuli, na ufukwe wa ziwa ndio baraza. Uwanja huo ukimezwa na takataka au ukiota ukuta usiku mmoja, mtu huyo hakupoteza pambo la mji, bali amepunguziwa sehemu ya makazi yake. Tena hapo ndipo mahali pekee ambapo mtoto wa mfagizi na mtoto wa mkurugenzi huweza kuupiga mpira mmoja.

Likizo iliyopita, mimi na mke wangu pamoja na watoto wetu wawili tuliamua kuufuata Mto Mirongo kwa miguu, kutoka Mabatini hadi mjini, kisha tuendelee mpaka ziwani. Tulipatana kwamba tutapiga picha katika kila mahali palipo pa umma: darajani, kando ya mto, uwanjani, njia panda, ufukweni. Mtoto wetu wa darasa la tano ndiye aliyekabidhiwa simu. Kabla hatujafika mbali akaanza kutuamuru: "Baba, sogea kushoto. Mama, simama mbele kidogo." Alikuwa akitusogeza ili miili yetu izibe lundo la taka lililokuwa nyuma yetu. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Jioni tulipozitazama picha zile tuliona kwamba karibu kila iliyopendeza ni ile ambayo ndani yake tulifaulu kuficha kitu.

Hilo ndilo jambo la kutafakari. Sisi wakazi wa mji huu tumezoea kuusogeza uso pembeni. Tunapita juu ya Mirongo kila asubuhi twendapo kazini, wala hatuuoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, mwaka 2019, lakini chupa na vifungashio vya kila namna vimechukua nafasi yake katika mkondo ule. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mto hufurika na kuwaingilia watu wa Mabatini majumbani mwao. Mvua ikikatika, maji hupungua na uchafu hubaki. Na uchafu huo haukai hapo milele. Mwisho wake ni katika Ghuba ya Mwanza, ghuba ile ile ambayo kutoka kwake, pale Kapripointi, maji huvutwa na mitambo, husafishwa na kurudishwa kwetu kwa mabomba. Kwa hiyo anayetupa taka Mirongo hajaitupa mbali. Ameitanguliza tu mbele ya gilasi yake mwenyewe.

Mjini nako tulijionea mengine. Kipilefti penye sanamu ya samaki panatunzwa na panapendeza, lakini pamezungukwa na magari pande zote, na hakuna mzee awezaye kwenda kuketi pale apumzike. Kule Kamanga watu hupanga zamu ili wapigwe picha na Jiwe la Bismarck nyuma yao. Jiwe hilo limekuwa alama ya Jiji letu la Miamba, ingawa limepewa jina la Kansela wa Ujerumani ambaye hakupata kulitia machoni. Ni haki watu walipende. Lakini mtu akisha kupiga picha na kutaka kuwaketisha watoto karibu na maji kwa saa moja, mara nyingi ataona kwamba kiti kilicho karibu ni cha biashara, na sharti lake ni kununua soda. Simlaumu mwenye biashara, kwa kuwa ameweka kiti mahali ambapo umma haukuweka. Lawama ni yetu tulioacha mji ulioitwa kwa jina la ziwa, maana Mwanza latokana na Nyanza, ukawa mji ambao watu wake huliona ziwa lao kwa kulipia.

Kwa nini imekuwa hivyo? Jibu lililozoeleka katika semina na hotuba ni kwamba wananchi hawana utamaduni wa usafi. Kuna ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Katika mtaa mmoja ninaoufahamu palikuwa na uwanja ambao watoto walichezea kwa miaka mingi. Ulipoanza kumegwa, baadhi yetu tulikwenda kuulizia katika ofisi moja inayohusika. Tulipokewa kwa heshima. Tukaelezwa kwamba mchoro wa eneo lile upo, ila uko katika jalada jingine, na jalada hilo liko katika ofisi nyingine. Kule uwanjani kwenyewe hapakuwa na jiwe la mpaka wala kibao. Mtaani hapakuwa na karatasi yoyote iliyoutaja. Aliyeumega uwanja huo hakuvunja ukuta wala kung'oa alama, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wala alama. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo uwanja ule ulivyopotea.

Hapa ndipo penye ajabu, kwa sababu kupima ardhi si kazi ngeni kwetu. Katika miaka ya 2010, Ilemela na Nyamagana zilisifiwa kwa kazi ya urasimishaji wa makazi. Nyumba zilizokuwa zimejengwa holela juu ya vilima na kati ya mawe zilipimwa, zikatambuliwa, na wenyewe wakafunguliwa njia ya kupata hati. Hiyo ilikuwa kazi njema. Basi ikiwa tuliweza kukipima kiwanja cha mtu binafsi kilichobanwa kati ya majabali mawili, tutashindwaje kukipima kiwanja cha watoto kilicho tambarare? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya hizo mbili watu zaidi ya 700,000, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 1,100,000. Katika miaka 10 wameongezeka watu wapatao 400,000. Je, viwanja vya wazi navyo vimeongezeka kwa kadiri hiyo, au hata vile vya zamani vimesalia vyote? Ni swali ambalo kila mtaa ungepaswa kuweza kulijibu kwa kusoma karatasi moja.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe wa ziwa. Ipo pia Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Ni kweli kwamba mita 60 zikipimwa leo kwa ukali kila upande wa Mirongo, sehemu ya mji itabidi ihame, na si busara kusahihisha uzembe wa miaka mingi kwa kuvunja nyumba za maskini kwa siku moja. Lakini ugumu wa kurudisha kilichokwenda usiwe kisingizio cha kutokilinda kilichobaki.

Wenzetu wanayo mafunzo. Mwaka 1989, mjini Nairobi, ilikusudiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akapinga, akatukanwa hadharani, lakini mwishowe mpango ule ukaachwa, na uwanja upo hadi leo. Aliweza kuupigania kwa sababu ulikuwa na jina, ulikuwa na mipaka, na kila mkazi wa Nairobi aliujua kuwa ni wake. Huko Zanzibar, Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jioni familia hujaa pale kando ya bahari, mwenye fedha na asiye nazo. Ufukwe wetu si mbaya kuliko wa Forodhani.

Lipo pingamizi ambalo hatuna budi kulijibu kwa heshima. Wapo wasemao kwamba watu wanahitaji kwanza madarasa, zahanati na mahali pa kufanyia biashara, na bustani zije baadaye. Lakini tuwatazame wamachinga wenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2016 kuondolewa kwao katikati ya jiji la Mwanza kulisimamishwa kwa agizo la Rais. Mwaka 2021 wakahamishwa tena, hapa na katika miji mingine ya nchi. Mtu huondolewa hapa na pale kwa sababu mji haujui mahali pake pa umma ni papi, na pametengwa kwa kazi gani. Daftari la viwanja halimnyimi machinga riziki. Ndilo litakalomwonyesha pahali ambapo hatafukuzwa kesho. Vivyo hivyo, darasa jipya likikosa kiwanja hujengwa juu ya uwanja wa michezo wa shule, na mtoto hupewa chumba kwa kunyang'anywa mchezo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache kwa wenzangu tulio katika utumishi na ualimu. Kwanza, kila ofisi ya mtaa ibandike ubaoni orodha ya maeneo yote ya umma yaliyo ndani ya mtaa: viwanja, njia, kingo za mito, fukwe, makaburi, pamoja na ukubwa na matumizi ya kila eneo. Mahali kama makaburi ya Igoma, walikolazwa waliofariki katika ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei, 1996, nayo yaingie katika daftari hilo, kwani kumbukumbu ya umma ni mali ya umma. Pili, kila eneo liwekewe mawe ya mpaka na kibao chenye jina. Tatu, afisa asitie sahihi ya kubadili matumizi ya kiwanja cha wazi kabla ya wakazi kuarifiwa na kusikilizwa katika mkutano wa mtaa.

Kwa walimu, kazi iko tayari mikononi mwetu. Somo la ramani lisiishie kuchora mito ya Amerika. Wanafunzi wachore mtaa wao, wapige picha za viwanja vyake kutoka mahali pale pale kila mwaka, bila kumsogeza mtu kuficha taka, na picha hizo zihifadhiwe shuleni zikiwa na tarehe. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na ushahidi ambao hautahitaji kutafutwa katika jalada la ofisi nyingine.

Hatua ya kwanza haihitaji fungu la bajeti wala mtaalamu kutoka nje. Inahitaji daftari, kalamu, na mzee wa mtaa anayekumbuka uwanja ulianzia wapi na kuishia wapi kabla haujamegwa. Wazee hao bado tunao Mabatini, Igogo, Kirumba na Mirongo. Waulizwe mwaka huu, wangali wapo.