Saruji si Dawa ya Kila Ukuta

Nasema wazi, na wauza saruji wanisamehe: nyumba zetu za kale tunaziua huku tukidhani tunazitibu. Naandika haya nikiwa nimeketi katika banda la gari lisilo na gari, nyuma ya nyumba kuukuu hapa Tanga. Miaka michache iliyopita usingeweza kuacha daftari humu kwa juma moja bila kulikuta limeota ukungu.

Banda hili lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za mawe katika pwani yetu kabla saruji haijatawala. Nilipostaafu nilitaka liwe baraza langu: rafu ya vitabu, bao, viti vinne na birika la kahawa. Kuta zilikuwa na unyevu. Nilipotaja chokaa, fundi alicheka. "Mwalimu, chokaa ni ya kuchorea viwanja vya mpira na kupaka makaburi." Akapiga lipu nzito ya saruji kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, nami nikamlipa na kumshukuru.

Masika mbili hazikupita. Unyevu uliokuwa ukiishia magotini ukapanda hadi kifuani. Lipu ikatoa unga mweupe wa chumvi, kisha ikabanduka vipande vipande, vingine vikubwa kama sinia. Sanduku lenye maandalio yangu ya masomo ya miaka 20 likaoza. Hapo niliona haya. Mimi niliyewasimamisha wanachuo mbele ya koroboi na kuwaeleza jinsi utambi unavyovuta mafuta kwenda juu, sikukumbuka kwamba jiwe la matumbawe nalo ni utambi! Huvuta maji ardhini, na maji hayo sharti yapate pa kutokea. Chokaa huyaacha yatoke hewani. Saruji huyazuia, nayo hupanda juu kutafuta mlango mwingine, yakibeba chumvi.

Lakini hasara yangu ni ndogo. Mjini nyumba ya kale hupigwa saruji, baada ya miaka michache huanza kuoza, kisha huja bwana mmoja na kalamu yake akatamka kwamba nyumba ni mbovu, ibomolewe. Muuaji ndiye anayeandika cheti cha kifo.

Watanitajia Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Haya, jengo lililosimama miaka 137, likavujiwa kwa miaka mingi bila matunzo ya kutosha, ni ushahidi gani dhidi ya chokaa? Nao waendao Pangani washuke Tongoni, watazame mabaki ya msikiti na makaburi yaliyojengwa yapata karne ya 14 na ya 15. Fundi wangu alisema kweli: chokaa ni ya makaburi. Nionyeshwe lipu yake itakayofika huko.

Wengine husema kwamba kupenda chokaa ni kuvunja matumbawe baharini na kuwanyima samaki makazi. Hoja hiyo ni ya haki, na sitaki jiwe hata moja litoke baharini. Lakini mawe ya chokaa yapo nchi kavu. Mapango ya Amboni yenyewe yamo ndani yake. Tena chokaa ya mifuko inauzwa madukani.

Sisemi saruji ni haramu. Ghorofa na daraja ziachiwe saruji, na kiwanda cha Pongwe kimewapa kazi watu wengi wa hapa. Nasema ukuta wa matumbawe usivishwe koti la mpira.

Kazi nimeirudia. Tulibandua saruji yote kwa patasi, tukapunguza udongo uliorundikana nje hadi ukawa chini ya sakafu, tukaweka mfereji wa kupokea maji ya paa. Ukuta ukaachwa wazi kaskazi nzima ukauke. Chokaa ililowekwa katika pipa kwa majuma kadhaa, ikachanganywa na mchanga wa mtoni, fungu moja kwa matatu, ikapigwa mara tatu nyembamba chini ya magunia mabichi. Ilichukua muda, na mke wangu aliniuliza zaidi ya mara moja kama najenga ikulu.

Fundi yule alipita juzi. Akabandika kiganja ukutani, akakigeuza na kukitazama, kisha akauliza chokaa nimeinunua wapi. Nikamwambia akae kwanza, zamu yake ya bao imefika.