Tulichagua kwa Sababu ya Samaki

Mapokezi palikuwa na tangi la samaki. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililotuuza. Mjomba alisimama mbele yake, mikono nyuma kama rais anakagua gwaride, akatazama wale samaki wa rangi ya machungwa wakizunguka, akasema, "Hapa mama atatulia." Mimi nikakubali. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima, na mtu ambaye hajalala atakubali chochote kilicho na kiti. Vigae viling'aa. Dada wa mapokezi alimwita shosho "mama yetu" kabla hata hajajua jina lake. Mjomba akatuma depositi kwa M-Pesa papo hapo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza usiku huwa kuna nani.

Siku ya nne, saa nane usiku, shosho akaanza kulia. Huyu ni mwanamke aliyeuza viazi Marikiti zaidi ya miaka ishirini, aliyemzika mume na watoto wawili, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. Saratani ya titi ilikuwa imefika kwenye mifupa. Nesi wa zamu alikuwa msichana wa rika langu, peke yake, na wagonjwa kumi na mmoja. Mofini ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati, kabati lina kufuli, ufunguo uko na msimamizi, msimamizi yuko kwake Kitengela, simu imezimwa. Shosho akapewa vidonge viwili vile mimi na wewe humeza tukiwa na hangova.

Mofini ilifika saa mbili na robo asubuhi. Masaa sita na dakika kumi na tano. Nilihesabu manake hakukuwa na kitu kingine cha kufanya, isipokuwa kutazama samaki.

Sasa wacha niseme kilichonileta hapa. Sisi Wakenya tunachagua hospisi vile tunachagua Airbnb ya wikendi Naivasha. Picha, vigae, nyota ngapi, kuna parking? Na wenye biashara wameshatusoma. Wanajua anayelipa si anayelala kile kitanda, kwa hivyo wanamjengea anayelipa. Tangi la samaki ni letu. Kachumba ka maombi ni ketu. Ile sauti laini ya mapokezi ni yetu. Mgonjwa anabakiwa na usiku, na usiku hauna picha Instagram.

Huyo nesi simlaumu hata kidogo. Alikaa na sisi alfajiri yote, akampangusa shosho uso, akaenda kulia chooni akidhani sikumwona. Mtu aliyepanga zamu ikawa nesi mmoja kwa watu kumi na mmoja wanaokufa, kisha akaenda na ufunguo, huyo ndiye ninayemwandikia. Na mjomba. Na mimi mwenyewe.

Hospisi ni nini basi? Hili wazo la kisasa lilikuzwa na mwanamke mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, aliyesomea uuguzi, kisha kazi ya ustawi wa jamii, kisha udaktari, zote tatu, mpaka mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London. Alichosisitiza ni kitu rahisi mpaka kinaudhi: dawa ya maumivu itolewe kwa saa. Usingoje mgonjwa alie ndio umpe. Ukingoja alie, umemfundisha kuogopa, na anaanza kuishi akitazama mlango. Mpe kabla maumivu hayajarudi, na ghafla ana nafasi ya kuwaza mambo mengine, hata kama ni kulalamika chai haina sukari.

Huo ndio moyo wa kazi yote. Ukienda mahali na dawa hutolewa "akiumwa atuambie", umeshapata jibu lako. Chukua kofia yako uende.

Najua kuna msee tayari anasema hayo ni mambo ya London, huku ni Afrika. Poa. Twende Uganda. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakitumia mofini ya maji iliyochanganywa hapo hapo kutoka kwa unga. Unga wenyewe ni wa bei ya chini. Na tangu 2004, Uganda iliruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum kuandika mofini wenyewe, bila kungoja daktari ambaye hayupo. Waliangalia nchi yao, wakaona madaktari ni wachache na wauguzi wako vijijini, wakabadilisha sheria ifuate watu. Hiyo haikuhitaji tangi la samaki.

Na hapa kwetu hatukuchelewa kuanza. Nairobi Hospice iko tangu 1990, pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka huo huo wa 2010, Human Rights Watch wakatoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Kenya wanaokufa kwa maumivu ambayo dawa yake inajulikana na ni rahisi. Katiba na aibu, mwaka mmoja.

Tulimtoa shosho siku ya sita. Mjomba alikasirika kwa sababu depositi hairudi. Tukamrudisha Kayole, kwenye keja yetu ya vyumba viwili, na mtu wa kanisani akatupa namba ya hospisi nyingine. Hii haikuwa na mapokezi ya maana. Ofisi yao niliiona baadaye: mabenchi, faili, kiyoyozi kilichokufa zamani. Haikuwa hata na kitanda kimoja cha kulaza mtu. Walichokuwa nacho ni nesi mmoja wa makamo aliyeshuka kwa matatu na begi mgongoni, akapanda ngazi orofa nne, akakaa sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vimejaa nguo.

Kitu cha kwanza hakufungua begi. Aliuliza, "Shosho, usiku unalala?"

Kisha akanifundisha. Chupa ya mofini ya maji. Bomba la sindano bila sindano yake, unavuta mililita, unamwekea mdomoni. Kila masaa manne. Ile ya usiku anapolala unampa mara mbili, ndio asiamke saa nane. Maumivu yakipenya katikati, kuna dozi ya ziada, umpe na uandike kwenye daftari. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia sana, usiogope, ni mwili unazoea na pia ni mtu ambaye hajalala mwezi mzima. Na dawa ya kulainisha choo kuanzia siku hiyo hiyo, si kesho, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Hapa ndipo nilijua tofauti. Kule kwenye samaki walimpa mofini mara kadhaa na hakuna aliyekumbuka choo. Siku sita. Kama hujawahi kuona mgonjwa wa kansa ya mifupa akijaribu kwenda choo baada ya siku sita, shukuru.

Shangazi mmoja akaniambia nitamfanya shosho teja. Mwanamke wa miaka sabini na nne, amebakisha wiki. Nesi alimjibu kwa upole kuliko ningeweza: mofini ikipimwa kwa maumivu haimgeuzi mtu teja, na hata haimharakishi kufa. Shangazi hakuamini, lakini alinyamaza, na wakati mwingine hiyo inatosha.

Watu huniuliza nilisomea nini chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikaomba ruhusa ya semista moja, sikurudi. Kwa hivyo nilisomea mililita.

Nataka kuzungumza kuhusu harufu, manake hakuna anayeiandika. Titi la shosho lilikuwa limepasuka. Kidonda cha aina hiyo kinanuka, si harufu ya uchafu, ni harufu ambayo ukiinusa mwili wako wenyewe unakuambia toka. Kule kwa samaki walipuliza dawa ya kunukia, ya ndimu. Mpaka leo siwezi kuingia gari lenye harufu ya ndimu. Wageni walisimama mlangoni, wakaomba haraka haraka wakiwa wamesimama, wakaenda. Shosho alijua. Alianza kujifunika blanketi mpaka kidevuni, jua likiwaka.

Nesi wa matatu alisafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, kisha akasaga vidonge vya flagyl, vile vile vya tumbo unanunua duka la dawa, akanyunyiza ule unga kwenye kidonda, akafunga. Akatuambia turudie kila tukibadilisha kitambaa. Basi. Baada ya siku chache harufu ilikuwa imepungua mpaka ukikaa kitandani unaisahau. Na jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akisalimia kutoka koridoni, akaingia, akakaa kitandani, miguu juu, wakaanza kumsengenya mwenye nyumba. Walicheka.

Mtu akiniuliza ubora wa hospisi unapimwaje, namwambia hivyo. Jirani alikaa wapi?

Kiswahili kina neno la huduma hii, tiba shufaa. Shufaa ni kumwombea mtu mbele ya mwenye nguvu, kusimama upande wake. Napenda hilo neno kuliko "hospisi", ambalo sasa limekuwa rangi ya ukuta. Huyo nesi alisimama upande wa shosho, hata dhidi yetu. Sisi familia tulikuwa tumekubaliana asiambiwe anakufa. Mjomba alimvuta nesi pembeni kumwonya. Nesi akasema sawa, sitamwambia kitu asichouliza. Kisha akaingia, akamuuliza, "Shosho, wewe mwenyewe unaonaje huu ugonjwa?"

Shosho akasema, "Unanimaliza. Hawa watoto ndio hawajui."

Mjomba alitoka nje. Shosho akaendelea kama mtu aliyesubiri kupewa maiki. Kitenge gani azikwe nacho. Nani asiruhusiwe kuongea mazishini (jina silitaji, yuko hai na anasoma). Na kwamba kuna mama Marikiti anamdai elfu mbili na mia nne tangu msimu wa mvua. Nilienda kulipa Alhamisi. Yule mama alilia akakataa hela, nikamwachia kwenye meza. Bila lile swali moja, shosho angekufa na deni kwa sababu sisi tulitaka kujifanya.

Marekani wana mfumo ambapo familia hutumiwa maswali baada ya kifo, na majibu yanawekwa wazi watu walinganishe hospisi. Moja ya vitu wanavyouliza ni kama ulipata msaada jioni, wikendi na sikukuu. Ni swali zuri sana. Usidhani basi huko ni mbinguni. Mwaka 2022 mwandishi Ava Kofman alichapisha uchunguzi, ProPublica na The New Yorker, akionyesha vile kampuni huandikisha hata watu wasiokufa, manake serikali hulipa kwa siku. Mgonjwa bora kwa mfanyabiashara ni yule anayekaa muda mrefu akihitaji kidogo. Hapo mwelewe biashara inaelekea wapi, hata ikivaa joho jeupe. Huku hatuna hata hilo swali la wikendi.

Kwa hivyo ulize mwenyewe. Nenda saa nne usiku bila kupiga simu. Mwulize askari wa geti nesi wako wangapi saa hii, yeye hana sababu ya kudanganya. Uliza ufunguo wa mofini uko mfuko wa nani. Uliza kama wataninong'oneza mimi au watamwuliza mgonjwa. Kama hawaji nyumbani, uliza kwa nini, kwa sababu watu wengi wanataka kufia kwao, na kama wanakuja, uliza nani anashika simu Jumapili. Wakikuonyesha bustani, tazama bustani, ni nzuri, kisha rudia swali. Na nikiri kitu: shosho aliwapenda wale samaki. Aliniuliza habari zao akiwa Kayole. Urembo si dhambi. Lakini ningewabadilisha wote kwa ufunguo mmoja.

Na pesa. Kundi la WhatsApp la matibabu lilidumu miezi mitatu na lilikusanya Sh61,500, elfu ishirini kati ya hizo ni laptopu yangu niliyouza. Kundi la mazishi lilifunguliwa saa tatu baada ya shosho kukata roho. Siku tano, Sh340,000. Jeneza lenye vishikio vya dhahabu, hema mbili, mpiga picha na droni. Droni! Hela ya droni peke yake ingelipa nauli ya yule nesi mwaka mzima. Alikuja mazishini kwa hela yake, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya chakula kwa sababu alikuwa na mgonjwa Dandora.

Wiki jana mjomba alinitumia linki. Mama mkwe wake ni mgonjwa, ini, hakuna tiba tena. Mahali ni pazuri, Karen, miti, vitanda vya kupandisha kwa umeme. "Cheki hii," ameandika, na dole gumba. Nikamwuliza usiku ufunguo wa mofini huwa na nani.

Alijibu baada ya siku mbili. "Wamesema nipige Jumatatu, saa za kazi."