Kumpenda mtu ni kumtakia mbingu



Neno «mapendo» li kinywani mwa kila mtu. Kijana hulitamka mbele ya mchumba wake, mama hulitamka akimbembeleza mtoto, na waimbaji hulirudia mpaka usiku wa manane. Lakini ukimwuliza mtu: Yule umpendaye, wamtakia nini? majibu huwa mbalimbali. Mmoja atasema: namtakia afya. Mwingine: mali, watoto na maisha marefu. Majibu hayo ni mema, wala Kanisa haliyakatazi. Walakini mkristu ana jibu lipitalo hayo yote: namtakia wokovu, maana nataka tufike pamoja kwa Mungu Baba yetu.

Dini yatufundisha ya kuwa Mungu ndiye aliyetangulia kutupenda. Hakungoja kwanza tuwe wema. Tungali wakosefu alimtuma Mwanae, Yezu Kristu, naye akafa msalabani kwa ajili yetu. Basi wokovu si mshahara wa kazi yetu, ni zawadi. Lakini zawadi hiyo si kama kitambaa kizuri ambacho mtu hukifungia sandukuni. Aliyependwa hivyo imempasa naye kupenda hivyo, hata kumtakia mbingu yule asiyempenda.

Je, jambo hili lawezekana kwa watu wa nyama na damu kama sisi? Tarehe 24 Aprili 1994, katika Mwaka wa Jamaa, Papa Yoane Paulo II aliwatangaza huko Roma wenye heri watatu kwa siku moja. Mmoja alikuwa kijana wa Kongo, na wawili walikuwa wanawake wa Italia, wenye waume na watoto. Maisha yao yatatujibu.

Isidore Bakanja, wa ukoo wa Waboangi, alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville. Huko alifundishwa dini na Mapadri Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria, wala hakuziacha tena. Baadaye alikwenda Ikili, akawa boyi wa mzungu mmoja wa kampuni. Jioni alisali, akawafundisha wenzake sala alizozijua. Lakini msimamizi wa mahali pale aliwachukia mapadri na mafundisho yao. Akamwamuru aivue skapulari. Bakanja hakukubali. Mwaka 1909 msimamizi akaamuru apigwe, naye akapigwa fimbo zaidi ya 100, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Kisha wakamfunga minyororo.

Mkaguzi wa kampuni alipokaribia kuja, walimwondoa Bakanja asije akaonekana. Yeye akajikokota msituni na vidonda vyake vilivyooza, hata akakutana na mkaguzi yule, naye akamchukua amwuguze. Bakanja akamwagiza: akimwona mama yake, au hakimu, au padri, awaambie ya kuwa anakufa kwa sababu ni mkristu. Mwezi wa Julai mapadri walifika kumwona, wakamhimiza amsamehe yule aliyemtesa. Akawajibu kwamba hana hasira naye, na ya kuwa akifika mbinguni atamwombea sana. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Alikuwa angali kijana.

Tuangalie vema. Bakanja hakuficha uovu: alitaka mama, hakimu na padri wapashwe habari. Kusamehe si kusema kwamba ubaya ni wema. Mke anayepigwa nyumbani asidhani kwamba Mungu amemkataza kukimbilia kwa wazazi wake, kwa padri au kwa hakimu. Lakini Bakanja aliyesema kweli ndiye aliyekataa kuchukia. Alitaka mtesi wake aokoke. Hapo ndipo mapendo ya mkristu yanapojulikana.

Wa pili ni Elisabetta Canori Mora, aliyezaliwa Roma mwaka 1774. Mume wake, Cristoforo, alikuwa mwanasheria. Alimwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine, akapoteza mali ya nyumba. Elisabetta akafanya kazi kwa mikono yake, akawalea binti zake wawili, wala hakuwafundisha kumlaani baba yao. Kila siku alimwombea. Alifariki mwaka 1825, kabla hajaona matunda ya sala zake. Baada ya kifo chake Cristoforo akatubu kwa moyo wote, akaingia utawa wa Wafransisko, akawa padri. Mbegu ilipandwa na mke kwa machozi. Mavuno yakaonekana yeye akiwa kaburini.

Wa tatu ni Gianna Beretta Molla, mganga. Akiwa na mimba ya mtoto wake wa nne, alipatikana na uvimbe tumboni. Akawasihi waganga wamwokoe mtoto kwanza. Mtoto wa kike akazaliwa mzima mwezi wa Aprili 1962. Baada ya juma moja mama akafa. Papa yule yule alimtangaza mtakatifu mwaka 2004, na binti yule alikuwapo.

Enyi baba na mama, mapendo hayo hayakufanyika mbali na watu. Yalifanyika kazini, chumbani na kitandani pa ugonjwa. Na katika jamaa zetu nafasi hazikosekani. Ndugu wawili hawasalimiani tangu siku ya kugawa shamba la marehemu baba yao. Mama mkwe na mkaza mwana wanakaa ua mmoja, kila mmoja na sufuria yake. Baba amekunywa mshahara wa mwezi, na mke ameapa kutomsamehe kamwe. Kila mmoja wao huenda Misa, huomba Mungu amsamehe, lakini hataki mwenzake asamehewe.

Labda utasema: Moyo wangu bado wauma. Ndiyo, kidonda hakiponi kwa siku moja. Lakini Mungu hakuulizi kwanza kama maumivu yamekwisha. Akuuliza wamtakia nini yule aliyekuumiza. Ukiweza kusema: «Bwana, umwokoe na yeye», umekwisha kuanza kumpenda.

Basi, jioni jamaa inapokusanyika kwa sala, mtajeni na yule ambaye jina lake halitajwi nyumbani mwenu. Msalieni Salamu Maria moja tu. Bakanja atasali pamoja nanyi.