Jishonee Sketi Yako ya Kiangazi



Mwezi wa sita ukifika, mvua inapunguka, vumbi linaanza kupanda barabarani, na likizo kubwa ya watoto inakaribia. Ndio wakati ambapo wabinti wengi wanaomba nguo mpya. Na huku kwetu penye migodi, ombi hilo si jambo dogo. Katika kila machimbo kuna mtu ambaye mfuko wake ni mzito siku ya kuuza. Anamnunulia binti kitenge kizuri. Siku ile haombi kitu. Ataomba juma lijalo. Mzazi unayesoma hapa, unajua ninalosema. Wewe binti pia unalijua.

Basi mwezi huu sitawagombeza. Binti akigombezwa, akirudi nyumbani bado hana sketi. Afazali tujifunze kushona moja, tangu kuchagua mtindo mpaka kufunga uzi wa mwisho.

Mtasema: pasta na sketi, wapi na wapi? Someni Matendo 9. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane hawakuonyesha Petro mafranga yake. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Kisha someni Matendo 18: Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa hema. Kwa hiyo vijana wanaume, msifunge gazeti. Katika soko zetu mafundi wengi ni wanaume, na kazi hii inawalisha.

KIANGAZI CHETU SI KIMOJA

Kabla ya kuchagua mtindo, jiulize unakaa wapi. Kule juu Masisi, kwenye milima ya malisho, kiangazi kina jua mchana, lakini asubuhi na magaribi baridi inauma. Ukishuka kuelekea msitu wa Walikale, ni joto na jasho, na mvua haikomi kabisa hata mwezi wa saba. Kwa hiyo sketi ya Masisi iwe na kitambaa kizito kidogo, ao itiwe kitambaa cha ndani. Sketi ya Walikale iwe nyepesi, ya pamba, yenye nafasi ya kupitisha hewa.

CHAGUA MTINDO

Kuna mitindo mingi, lakini kwa anayeanza tutaje mitatu.

Wa kwanza ni sketi ya mpira kiunoni, yenye mikunjo. Ni kipande kimoja cha kitambaa, mshono mmoja, na elastiki. Haihitaji zipu wala kifungo. Mwili ukinenepa ao ukikonda, bado inakaa. Mama mwenye mimba changa anaweza kuivaa.

Wa pili ni sketi ya vipande, nyembamba kiunoni na pana chini. Inapendeza sana, lakini inaomba kukata vizuri na kutia zipu. Ingojee sketi yako ya tatu.

Wa tatu ni ile ya kubana, yenye mpasuo nyuma. Ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Ukikosea sentimetre mbili penye nyonga, kitambaa kimepotea.

Juu ya urefu, wengi wananiuliza kanuni. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, serikali iliwakataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi. Kanuni ile imepita, na mioyo ya watu haikubadilika kwa sababu yake. Mimi nawapa majaribio matatu. Kaa juu ya kiti kifupi cha jikoni. Inama kama unayeinua bidoni ya maji. Kisha panda pikipiki. Kama katika hayo matatu haujishiki-shiki na haujivuti-vuti, sketi yako iko sawa. Sketi isiyoweza kupanda pikipiki, kwetu itakwenda wapi?

CHAGUA KITAMBAA

Kitenge tunachokiita chetu kina safari ndefu. Waholanzi waliiga kazi ya watu wa Java, waliochora kitambaa kwa nta ili rangi isiingie pasipotakiwa. Kiwanda cha Vlisco, katika mji wa Helmond, kilianza mwaka wa 1846, na vitenge vyake vinafika Afrika mpaka leo. Kongo nayo ilikuwa na viwanda vyake. Wazee wanaokaa kando ya barabara ya Bukavu kwenda Kisangani, ile inayopita Walikale, wanakumbuka vitenge vya Sotexki vya Kisangani.

Leo soko imejaa vitenge vya kila namna, na bei ni za kila namna. Penye migodi ya ndani bei inapanda zaidi. Wale waliofanya kazi Bisie zamani za kuchimba kwa mikono wanakumbuka: kila kitu kilibebwa mgongoni kupita msitu, na kilipofika juu, bei ilikuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo usinunue kwa macho tu. Fanya hivi.

Geuza kitambaa. Kitenge cha nta kina rangi sawa pande zote mbili. Kile cha kupigwa chapa upande mmoja, nyuma yake ni hafifu. Si kwamba hakifai, ila usikubali kulipa bei ya kile cha kwanza.

Sugua pembe kwa kidole chenye maji. Rangi ikibaki kwenye kidole, itabaki pia kwenye nguo zingine siku ya kufua.

Omba nyuzi mbili tatu za ukingoni, uziwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na wenzake wanayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Kwa joto la Walikale, tafuta pamba.

Inua kitambaa penye mwanga. Ukiona mkono wako upande wa pili, utahitaji kitambaa cha ndani, na gharama itaongezeka.

Mwisho, kipime. Kitenge cha mtu mmoja ni yadi 2, ni kusema karibu sentimetre 180, na upana wake ni karibu 115. Lakini vingine vimepunguzwa. Futi ya fundi iko pale pale sokoni, iombe.

Asiye na mafranga ya kitenge kipya aende kwenye mitumba, ile watu wanaita chagua. Usitafute sketi. Tafuta shuka ya pamba ao pazia. Kwa bei ndogo unapata kitambaa kikubwa.

LOWEKA, KISHA PIMA

Ukifika nyumbani, usikate siku ile. Loweka kitambaa katika maji usiku mzima, kianike kivulini, kisha kipige pasi. Pamba inapunguka ikipata maji. Ni heri ipunguke ingali kitambaa kuliko ipunguke ikiwa sketi.

Sasa jipime. Kama hauna futi, chukua kamba isiyovutika, kisha ilaze juu ya rula ya mwanafunzi. Pima mambo matatu: kiuno, nyonga, pale panapojaa zaidi, na urefu, tangu kiuno mpaka pale unapotaka sketi iishie. Andika. Usitegemee kichwa.

Tuchukue mfano wa binti mwenye kiuno cha 72, nyonga ya 96, na anayetaka urefu wa 75.

Upana wa kuzunguka: chukua nyonga, ongeza nusu yake. 96 na 48 ni 144. Ongeza 3 za mshono, inakuwa 147.

Urefu wa kukata: 75, ongeza 5 za pindo la chini na 5 za kukunja kiunoni. Inakuwa 85.

Elastiki yenye upana wa sentimetre 3: kiuno 72, toa 5, inabaki 67. Ongeza 2 za kuunganisha ncha, unakata 69.

Mnaona? Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza. Umpe akusaidie, naye ataona kwa nini tunamtuma shuleni.

KATA

Tandaza kitambaa juu ya meza ao mkeka safi. Upana wa kitenge ndio utasimama kuwa urefu wa sketi. Angalia maua na ndege: vichwa vitazame juu. Kuna wengi wameshona vizuri, na ndege wanatembea miguu juu kanisani.

Chora kwa kipande cha sabuni kavu. Kwanza kata ukanda wa juu, ubaki na sentimetre 85. Kisha punguza urefu wa 180 ufike 147. Kwenye kitenge chenye 115 kwa 180, utabaki na ukanda wa 30 kwa 180, na kipande cha 33 kwa 85. Usitupe hata kimoja. Ukanda ni kilemba chako, ao sketi ya mdogo wako. Kipande ni mfuko.

SHONA

Kwanza mfuko. Kata 18 kwa 20, kunja pembe zote, piga pasi, ubandike upande wa kuume, sentimetre 15 chini ya ukingo wa juu. Mwanamke wa soko asiye na mfuko anafunga mafranga kwenye pembe ya kitenge, na mwizi anapajua.

Pili, kutanisha kingo mbili fupi, zile za 85, upande mzuri ukiwa ndani. Shona kwa nafasi ya sentimetre moja na nusu. Kama hauna mashini, usihuzunike. Tumia uzi wa mara mbili, na kila hatua urudishe sindano nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Mshono huo unashika karibu kama wa mashini. Fungua mshono, upige pasi ya makaa. Lakini kwanza kung'uta majivu nje.

Tatu, kiuno. Kunja sentimetre 1, kisha kunja tena 4. Shona kuzunguka karibu na ukingo wa chini wa mkunjo, uache mlango wa sentimetre 5 usioshonwa. Chomeka pini ya kufunga kwenye ncha ya elastiki, uipitishe ndani mpaka itokee tena mlangoni. Shika ncha ya pili isikimbie! Angalia elastiki isijisokote, shona ncha mbili pamoja, kisha funga mlango. Gawanya mikunjo sawasawa kuzunguka.

Nne, pindo. Vaa sketi, mwenzako aangalie kama inalingana mbele na nyuma. Kunja 1, kisha 4, ushone kwa sindano ukishika nyuzi chache tu za upande wa nje, ili uzi usionekane.

Kwa mkono, kazi hii ni ya siku mbili tatu baada ya kazi za nyumbani. Ukianza siku ya kwanza, siku ya posho unapiga pasi, na siku ya Mungu unaivaa.

KISHA SKETI, NINI?

Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa. Tangu 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni za bure, lakini nguo ya shule inabaki juu ya mzazi: shati nyeupe, chini bluu. Binti aliyeshona sketi ya kitenge mwezi wa saba anaweza kushona ya bluu mwezi wa nane, yake na ya wadogo zake. Jirani akiiona, atamletea kitambaa. Hapo ameanza kazi.

Jambo lingine. Vita vilipofika Rubaya mwaka wa 2024, na Walikale mjini mwezi wa tatu wa 2025, wengi walikimbia na kifurushi kimoja. Mashini ya kushona haibebeki kwa haraka, ni chuma kizito. Lakini sindano na uzi vinaingia katika mfuko mdogo, na ufundi ulio mikononi hakuna anayeunyang'anya kizuizini. Kwa sababu hiyo naomba kila mama anayejua kushona achukue wabinti wawili likizo hii, na kijana mmoja. Asingoje mradi wala wageni. Makasi moja inatosha watu wanne.

Na wewe binti, nguo uliyoishona mwenyewe haina deni. Mtu akikuuliza, "Nani amekununulia?" utamjibu ukimtazama machoni. Jibu hilo ni zuri kuliko sketi yenyewe.

Wababa, msisahau: elastiki, uzi na sindano ni mafranga kidogo. Toeni kabla mwingine hajatoa kwa ajili ya binti yenu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kutia zipu bila kulia. Bwana abariki kazi ya mikono yenu.